Muhuri wa kadi yako uchongwe Mtwara

Msimu wa korosho ukishafunguka na malipo ya mnada yakaanza kuingia, huku kwetu shughuli hufuatana. Harusi, maulidi, vipaimara, watoto kutoka jandoni, mwali kutolewa nje. Kila shughuli ina kadi yake, na kadi hizo karibu zote zina sura moja: waridi jekundu pembeni, njiwa wawili, pete mbili, maandishi ya dhahabu. Krismasi ikifika tunapeana misonobari iliyofunikwa theluji, wakati nje maembe yameiva na joto la Desemba halituachi tulale.

Hili linaniuma, na sitalificha. Mkoa huu unajulikana duniani kwa mikono inayochonga. Vinyago vya Wamakonde vimefika kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Halafu sisi wenyewe, tukitaka kumpongeza mtoto wa dada, tunaenda kununua ua lililochorwa na mtu asiyewahi kusikia jina la Mtwara.

Watu wengi hudhani kadi ni mambo ya wageni, kwa hiyo lazima ifanane na za wageni. Tuangalie hao wageni walianzaje. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyotolewa kwa kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza, John Callcott Horsley akaichora. Alichora nini? Familia ya kwao imekaa mezani, glasi mkononi, na kando watu wanawapa maskini chakula na nguo. Alichora maisha anayoyajua. Na baada ya kuchapwa, kadi hizo zilipakwa rangi kwa mkono. Kama kuna la kuiga kwao, basi ni hilo la kuchora ya nyumbani.

Na sisi tuna mfano wetu wa karibu. George Lilanga, mtoto wa Masasi aliyefariki mwaka 2005, alianza na kuchonga miti kama wenzake, lakini alipofika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Dar es Salaam, hakuishia hapo. Alichora, akafanya batiki, akachapa kwenye karatasi. Mashetani wake, wale viumbe wa kuwaziwa wenye masikio makubwa na miguu ya ajabu walitoka kwenye mti wakaingia kwenye karatasi bila kupoteza Umakonde wao.

Kwa hiyo kwangu jambo la msingi katika kadi iliyotengenezwa kwa mkono ni muhuri, yaani kipande kilichochongwa mchoro, kinachopakwa wino na kugongwa kwenye karatasi. Pambo la kubandika mtu yeyote atanunua dukani. Mihuri ya mpira iliyotengenezwa tayari nayo inauzwa, lakini ukiitumia umerudi kule kule kwenye waridi. Chonga wako. Mpingo uwaachie mafundi, ni mgumu mno kwa anayeanza. Chukua ufutio mweupe wa shule kwa michoro midogo, na soli ya kandambili iliyochoka kwa michoro mipana. Hata kipande cha muhogo mbichi kinafaa kwa kazi ya siku moja. Ukishakata, futa ule unyevu wa juu kwa kitambaa na ukiache kidogo kabla ya kupaka wino, la sivyo rangi itateleza.

Kifaa cha kuchongea kisikutishe. Waya wa mwavuli uliovunjika una mfereji katikati. Unoe ncha yake kwenye jiwe, utapata patasi ndogo inayokata mstari safi. Kwa kingo tumia wembe au kisu cha kukatia karatasi. Kumbuka kwamba kinachobaki juu ndicho kitakachochapa, na unachokitoa kitabaki cheupe. Maandishi ndiyo huwashinda wengi, maana lazima yachongwe kinyume ili yasomeke sawa. Dawa yake ni rahisi: andika "Idi Njema" kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze kifudifudi juu ya ufutio, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko. Maandishi yatahamia yakiwa yamegeuka tayari, wewe ni kuyafuata tu.

Michoro ipo, tena tele. Msuko wa ukili kwenye mkeka wa bibi yako ni mpaka wa kadi uliokamilika. Mistari kwenye shingo ya mtungi. Jani la mkorosho na tunda lake lenye korosho ikining'inia chini. Jahazi la Mikindani, nakshi za milango ya pale. Kuna zile chale za usoni za wazee wa Kimakonde pia, pembe zilizopangana na mistari sambamba, nzuri kupita kiasi. Hizo naomba tuziendee kwa adabu: zilikuwa mwilini mwa watu na zilibeba maana, basi muulize mzee kwanza kabla hujazigonga kwenye kadi ya mahafali.

Wino nao unahitaji akili kidogo kwa hali ya hewa ya pwani. Wino mwepesi unaonywewa na karatasi hukauka haraka, lakini ukiwekwa juani hupauka. Ule mzito wa pigmenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, hukaa juu ya karatasi na kudumu, ila unachelewa kukauka, na masika unachelewa zaidi. Karatasi ya kung'aa haifai na wino wa kawaida wa ofisini, utachafuka ukigusa tu. Manila inatosha. Weka gazeti chini ili muhuri ukae sawasawa, gandamiza wima bila kutikisa, nyanyua. Kisha, kabla hujaongeza wino, gonga mara ya pili pembeni: utapata kivuli hafifu cha mchoro ule ule, na kadi inapata kina bila gharama yoyote.

Vipambo? Kimoja kinatosha. Kipande cha kitenge, utepe wa ukili, uzi wa katani. Shanga nyingi zinazuia bahasha kufunga.

Najua wengi watasema siku hizi kadi ni ya WhatsApp. Kwa kadi ya mchango sibishani nao, simu inafika kwa watu wengi kwa siku moja na haina nauli. Lakini pongezi, pole, shukrani kwa mkunga, mwaliko wa mjomba aliyeko Newala anayepaswa kuheshimiwa, hivyo vinastahili karatasi iliyoguswa na mkono.

Na wadogo zangu mnaotaka kuifanya hii kuwa kazi, acheni kutoza bei ya kadi ya kiwandani. Kuchonga muhuri kuna bei yake, kila kadi inayogongwa ina bei yake, na mteja aelezwe hivyo kabla hamjaanza. Muhuri wenye majina ya maharusi wapeni wenyewe, ni wao. Ule wa msuko wa ukili ufuteni kwa kitambaa chenye unyevu, mbaki nao, maana mwenye shughuli ya wiki ijayo naye atauhitaji.