Sentimita 10 za Wapi?

Kila mwaka, Agosti na Septemba, vijana wetu wanapanda ndege pale uwanja wa Julius Nyerere kwenda kusoma Finland, Sweden, Canada na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota. Kwa viza na ada wanaandaliwa. Kwa makoti mazito, soko la Karume lipo. Kuhusu maji ya ziwa yatakayoganda mbele ya mabweni yao ikifika Novemba au Desemba, mtu akibahatika hupewa namba moja: barafu ikiwa na unene wa sentimita 10, pita juu yake.

Namba yenyewe si ya uongo. Ila kwa mgeni anayekutana na barafu ya mwanzo wa msimu, naiona ni hatari kuliko kutojua kitu. Asiyejua huogopa, akabaki ukingoni. Mwenye namba anakanyaga.

Tuitazame hiyo namba. Maelekezo mengi ya Finland husema barafu ngumu ya sentimita 5 inambeba mtu mmoja anayetembea. Sweden na Minnesota wanataja 10. Msalaba Mwekundu wa Canada unataka 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa kundi. Sasa, barafu ya Canada haijawa dhaifu mara tatu kuliko ya Finland. Kinachotofautiana ni akiba: mmoja anakutajia barafu inayoweza kukubeba, mwingine anakutajia itakayokubeba hata kama ulipima vibaya, au hatua chache mbele ni nyembamba kuliko pale ulipopima. Na akiba hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu nguvu ya barafu hufuata kipeo cha pili cha unene wake. Ya sentimita 5 haibebi nusu ya mzigo wa ile ya 10, inabeba robo. Ikishuka mpaka 3, haifiki hata sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mvuvi anayevua juu ya barafu mwezi Februari akikosea sentimita 2 kwenye barafu ya 30 hana hasara kubwa, wakati anayekosea sentimita 2 hizo hizo kwenye barafu ya 6 amepoteza zaidi ya nusu ya nguvu aliyodhani anayo. Makosa ya Novemba yana bei yake.

Halafu namba zote hizo zinahusu barafu ya aina moja tu: ngumu, mpya, angavu, ile ambayo juu ya maji ya kina huonekana nyeusi kwa sababu unaona giza lililo chini yake. Nyeupe ni habari nyingine. Mtu wa Dar anayetaka kuona tofauti hana haja ya kusubiri Helsinki. Aende soko la samaki la Feri asubuhi aangalie mabonge ya barafu ya kiwandani kabla hayajapondwa. Pembeni bonge huwa angavu, katikati limejaa weupe. Weupe ule ni hewa: maji yalikuwa yakiganda kutoka nje kwenda ndani, yakaisukuma, mwishowe ikanaswa. Ziwani weupe hutoka hasa kwenye theluji iliyolowa kisha ikaganda, na kwa sababu ya mapovu yake barafu hiyo huhesabiwa nusu. Sentimita 10 nyeupe zichukulie kuwa 5. Ukitoboa ukakuta 4 angavu chini na 6 nyeupe juu, una 7, huna 10. Ya kijivu, ambayo imelowa ndani, usiihesabu kabisa.

Lakini hata rangi naiweka nyuma. La mbele ni hili: mwanzo wa msimu, ziwa moja huwa na barafu za umri tofauti, na jedwali la namba hizo halisemi lolote juu ya hilo. Chanzo ni tabia ya maji yasiyo na chumvi, ambayo huwa mazito zaidi yakiwa karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Hewa inapopoa, maji ya juu yanapoa, yanazama, ya chini yanapanda, na mzunguko unaendelea mpaka ziwa zima linakaribia nyuzi 4. Kuanzia hapo, maji ya juu yakizidi kupoa yanakuwa mepesi kuliko ya chini, yanabaki juu, ndipo yanaganda. Hori dogo lenye kina kifupi linamaliza safari hiyo mapema. Katikati, penye kina na upepo, panachelewa kwa siku nyingi, pengine kwa wiki. Basi siku ambayo mbele ya bweni kuna sentimita 10 za haki, mita 200 mbele zinaweza kuwa 3, na nyuma ya kisiwa maji bado yanacheza. Usiku ikianguka theluji kidogo, ile ya 10 na ile ya 3 zinavaa nguo moja.

Theluji hiyo haifichi tu. Inazuia baridi isiyafikie maji, kwa hiyo barafu chini yake inakua polepole sana hata kama hewa iko nyuzi 10 chini ya sifuri. Na ikiwa nzito inaikandamiza barafu mpaka maji yanapanda kupitia nyufa na kufanya uji. Kwa hiyo mtu anayesema "kumekuwa na baridi kali wiki nzima" bado hajakueleza kitu mpaka uulize theluji ilianguka lini: kabla au baada ya ile baridi.

Yapo maeneo ambayo hata wenyeji huyazunguka msimu mzima. Mto unapoingia na unapotoka ziwani, chini ya madaraja, na kwenye vilango vyembamba kati ya nchi kavu na kisiwa: maji yanayotembea huila barafu kutoka chini, bila dalili yoyote juu. Penye matete pia, kwa kuwa mabua hukusanya joto la jua na uozo wa chini hutoa gesi. Kando ya magati, hasa yale yenye mitambo ya kupuliza mapovu ili mbao zisibanwe na barafu. Kwenye rasi, kando ya mawe makubwa, na popote bata walipokuwa wakiogelea mpaka juzi. Mabwawa ya umeme yana shida ya peke yake: maji yakipunguzwa, barafu ya ukingoni inabaki inaning'inia bila kitu cha kuiegemea. Na wa Helsinki wajue kuwa bahari ile ina chumvi kidogo, na barafu yenye chumvi ni dhaifu kuliko ya ziwa kwa unene ule ule.

Kwa hiyo chombo cha kuaminiwa ni chuma, jedwali lije baadaye. Wavuvi wa huko wanatumia kitu ambacho fundi yeyote wa Dar angekiita mtaimbo: fimbo nzito ya chuma, yenye ncha au makali chini na kitanzi cha kamba juu ili isikuponyoke ikatumbukia. Unaanzia nchi kavu. Unapiga pigo moja la nguvu mbele yako, umbali wa hatua moja au mbili, kabla hujahamisha uzito. Chuma kikiingia kidogo na kurudi mkononi kwa mshtuko, songa. Kikipenya kwa pigo moja, au maji yakachuruzika kwenye tundu, hapo usiendelee mbele: usigeuke kwa haraka, rudi nyuma kwa kuburuta miguu iliyoachana, kwa njia ile ile uliyojia, na barafu ikianza kubonyea lala chini utambae. Mtaimbo unakuambia "hapana" haraka, lakini haukuambii sentimita. Kwa sentimita unatoboa, kwa kekee ndefu ya mkono au kwa mtaimbo wenyewe, unaingiza tepu, unanasa ncha yake kwenye ukingo wa chini wa barafu na kusoma. Mwanzo wa msimu tundu moja karibu na ufukwe halina maana. Toboa tena rangi ikibadilika, ukivuka ufa, ukitoka horini, ukikaribia rasi, na hata pasipo na mabadiliko yoyote, toboa kila baada ya mita 30 au 40. Inachosha. Asiyetaka kuchoka abaki bwenini anywe chai.

Sikio nalo linasaidia. Wanaoteleza kwa viatu vya barafu huzoea kusikiliza: barafu angavu ikiwa nyembamba hutoa mlio mwembamba, wa juu, ikiwa nene, sauti hushuka. Mlio ukizidi kuwa mwembamba kadiri unavyosonga, unaelekea pabaya. Mingurumo mikubwa ya mbali inayowatisha wageni, kwa kawaida, ni barafu ikitanuka au kusinyaa hali ya hewa inapobadilika, na yenyewe peke yake si dalili ya kuvunjika. Mgeni asijifanye ana sikio hilo, hata hivyo. Hilo halipatikani msimu wa kwanza.

Kinachowaponza zaidi wageni, kwa maoni yangu, ni nyayo. Mwanafunzi anaona alama za viatu zinaelekea upande wa pili, anaona wenzake wa darasani wanacheka katikati, anaunganisha moja na moja. Nyayo hazisemi aliyepita alikuwa na kilo ngapi, alipita saa ngapi, wala kama alirudi. Kundi likisimama pamoja, linaweka mahali pamoja mzigo ambao kila mmoja peke yake angepita nao salama. Ukialikwa, uliza maswali ya mtu mzima: nani kapima, leo au jana, matundu mangapi, na yalikuwa na rangi gani? Jibu likiwa "watu walipita jana," sema ahsante, utawasubiri. Hakuna rafiki wa kweli atakayekununia. Kwa wazazi, naona katazo tupu la "usikanyage barafu" halitoshi, kwani siku atakapoalikwa mtoto atakanyaga bila kifaa na bila kuwaambia. Mwambieni anunue vifaa Oktoba, kabla ya mwaliko.

Cha kwanza ni vishikizo viwili vyenye ncha kali za chuma, vilivyounganishwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni, juu ya koti na si ndani ya begi. Finland ataviulizia kwa jina la naskalit, Sweden isdubbar. Vinakuja mara nyingi na filimbi. Cha pili ni kamba ya kurusha, mita 20 hivi. Cha tatu, begi lenye nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, lenye mkanda wa kiunoni na mwingine wa kupita kati ya mapaja. Mtu akizama, begi hilo linaelea na kumwinua. Wasitembee wakiwa wamegusana: waachiane mita 10, ili akizama mmoja abaki wa kumrushia kamba. Simu iwe mahali pasipofikiwa na maji.

Na ujuzi wa kuogelea uliopatikana Kigamboni au Coco Beach usimpe mtu kiburi. Maji ya karibu sifuri hayafanani na ya Bahari ya Hindi. Dakika ya kwanza mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako, na kinywa kikiwa chini ya maji wakati huo, umekwisha. Kazi ya dakika hiyo ni moja: kichwa juu, pumzi itulie. Baada ya hapo una takriban dakika 10 ambazo vidole na mikono bado vinatii. Kuzimia kwa sababu ya joto la mwili kushuka huchukua muda mrefu zaidi, karibu saa nzima, kwa hiyo hofu isikumalizie zile 10. Usivue koti, lina hewa inayokusaidia kuelea. Geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikuwa imekubeba. Weka mikono juu ya barafu, piga miguu kama unaogelea mpaka mwili ulale sawa na uso wa maji, choma ncha za vishikizo, jivute. Ukingo ukivunjika, rudia mbele yake. Ukishatoka usisimame: jiviringishe au tambaa mpaka mbali na tundu. Ikishindikana kabisa, laza mikono juu ya barafu na utulie, nguo zigandie pale. Hata ukipoteza fahamu, hutadidimia mara moja.

Aliye nje asikimbilie tundu, ndipo maiti zinapokuwa mbili. Apige simu kwanza, 112 Finland na Sweden, 911 Canada na Marekani, kisha alale kifudifudi na kurusha kamba, skafu, tawi, ngazi, chochote kirefu kuliko mkono wake. Aliyetolewa avuliwe nguo zilizolowa mahali pasipo na upepo, avalishwe kavu, afunikwe kichwa, na joto lielekezwe kifuani na tumboni kabla ya mikono na miguu. Asisuguliwe ngozi. Asipewe pombe, hata kama mwenyeji mwenye chupa anaapa kwamba babu yake alipona hivyo. Pombe hupanua mishipa ya ngozi na kuzidi kupoteza joto. Kinywaji cha moto chenye sukari kinafaa iwapo ana fahamu na anaweza kumeza mwenyewe. Hospitali aende hata akisema yuko sawa, kwa kuwa moyo uliopoa unaweza kuleta matatizo baadaye, wakati kila mtu ameshatulia.