Kongamano Unguja, Watoto Ghorofani

Meza ya usajili, saa mbili asubuhi. Nimeshavaa beji, nimeshapokea begi la kitambaa lenye nembo, kalamu, na daftari ambalo najua nitaandika kurasa mbili tu. Mkaguzi mwenzangu kutoka halmashauri nyingine ananisalimia vizuri, anaulizia habari za Dodoma, halafu inakuja: "Na watoto umemwachia nani?"

Nikamwambia wako juu, ghorofa ya tatu, na baba yao. Akacheka cheko la mtu ambaye hajajua kama ametaniwa. "Kwani shemeji hana kazi?"

Shemeji ni mwalimu wa sekondari. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa. Na nyuma yetu kwenye foleni ile walikuwapo wanaume si chini ya kumi. Wake za wengine nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakishuka boti moja nasi, mabegi mkononi na watoto mgongoni. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyeulizwa amemwachia nani nini.

Kazi yangu ni ukaguzi wa ndani. Safari za watu wengine nazijua kwa kuzisoma kwenye stakabadhi. Nikikuta risiti ya chakula cha watu wanne kwenye marejesho ya masurufu, yaani fedha za safari, ya mtu mmoja, sihitaji kuambiwa: jamaa alikwenda na familia, na familia ikala kwa Serikali. Nikikuta gari la Serikali, lile la namba za STK, limejazwa mafuta Chalinze siku ya Jumapili wakati semina ilikwisha Ijumaa, hilo nalo linajieleza. Kwa hiyo ninapotetea watu kwenda kazini na familia zao, na ninatetea, sitetei kwa kutojua mambo yanavyokwenda.

Sababu ya kutetea ni nyepesi. Sisi wa Dodoma bahari si ya kila siku. Mtumishi wa halmashauri mwenye mke au mume mwalimu na watoto wawili akitaka kuipeleka familia Unguja, hesabu yake huanza na nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, boti, malazi, na vile vidogovidogo ambavyo watoto huviona kila hatua kumi. Sasa inatokea barua: kongamano la siku tatu, Zanzibar, nauli yako na kitanda chako vimelipwa. Robo ya safari imejilipa yenyewe. Anayeiona barua hiyo asiwafikirie watoto wake, basi ana mambo mengine ya kufikiria.

Tatizo langu ni siku. Siku ya kongamano ni ya kongamano. Ukiibandikia likizo juu yake, yuko mtu atakayeilipia, na mara nyingi ni yule asiye na beji.

Nalijua hili kwa sababu mara ya kwanza nilikosea mwanzo hadi mwisho. Tulitoka Dodoma kwa basi, tukalala Dar kwa wifi yangu, asubuhi tukapanda boti. Watoto walikuwa na miaka tisa na minne. Yule mdogo alikuwa ameahidiwa bahari kwa muda wa mwezi mzima, kila alipokataa kula. Tukafika hotelini. Hoteli ilikuwa nzuri, sina la kuisema, ila ilikuwa hoteli ya mikutano: kumbi nne, maegesho makubwa, barabara kuu mbele. Mtoto akavuta pazia, akatazama yale magari yaliyopangwa, akaniuliza, "Mama, bahari iko nyuma ya magari?"

Chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Kwa watu wa ziada nililipa mwenyewe, na kwa kifungua kinywa chao pia nilitakiwa kulipa, kwa bei ambayo ningeikuta kwenye marejesho ya mtu ningeizungushia kalamu nyekundu. Kwa hiyo siku ya pili, mkaguzi mzima, nilishuka kula peke yangu na kupandisha vitumbua vinne na mayai mawili ndani ya begi la kongamano. Nembo ya uwajibikaji kwa nje, mafuta ya vitumbua kwa ndani. Sijawahi kumsimulia mtu wa ofisini, na nikisimuliwa nitakana.

Mada zilianza saa mbili na nusu. Chai saa nne, chakula saa saba, majadiliano ya vikundi hadi saa kumi na moja, na jioni chakula cha pamoja na mgeni rasmi ambacho kukosa ni utovu wa adabu. Nikirudi chumbani saa nne usiku nawakuta wamelala, mume wangu amekaa kwenye ukingo wa kitanda anatazama mpira sauti imezimwa. Simu yangu mchana kutwa ilikuwa inapokea picha. Picha ya Forodhani, binti ameshika glasi ya juisi ya miwa. Picha ya urojo. Picha ya Nyumba ya Maajabu, ile aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo binti alisomeshwa shuleni na akaja kuikuta ndani ya uzio, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Picha ya yule mdogo amelala kwenye bega la baba yake katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Mimi nipo ukumbini kwenye kipupwe, najifunza kujaza rejista ya vihatarishi, ile orodha ya mambo yanayoweza kuiharibia ofisi.

Tulirudi Juni hiyohiyo na upepo wa kusi, ule unaovuma kutoka kusini. Wanaojua boti ya Unguja wanajua kwamba kwenda Zanzibar wakati wa kusi si kazi sana, kazi ni kurudi Dar, maana mnaukabili upepo uso kwa uso. Mhudumu alipita na mifuko ya kutapikia. Nikashika mmoja wa binti, mume wangu akashika wa mdogo, na hapo katikati ya maji, kwa kutafuta la kusema, nikamwambia, "Angalau na wewe umepumzika."

Alinitazama muda mrefu. "Wewe ulikuwa kwenye kongamano," akasema. "Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu."

Mliosoma shule za bweni mnajua mwalimu wa zamu ni nani. Ndiye anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anahesabu vichwa, anaamua nani anaumwa kweli na nani anadanganya, na wiki nzima hana pa kwenda. Wengi tunaporudi kazini na kusema "nilikwenda na familia", tumewapeleka wake zetu au waume zetu wakafanye zamu kwenye jengo wasilolijua, mbali na jirani, mbali na dada wa kazi, mbali na jiko lao. Wanawake wamefanya zamu hiyo miaka na miaka na hakuna aliyeiita kazi. Nadhani ndiyo maana yule mwenzangu alicheka. Kumwona mwanamume akiifanya kulimwonyesha ghafla kwamba ni kazi, na hakujua aiweke wapi.

Safari iliyofuata niliipanga kama ninavyopanga ukaguzi, kuanzia mwisho. Kwanza, nikajaza fomu ya likizo, siku tano za likizo yangu ya mwaka, ikasainiwa kabla sijaondoka. Wengi hawajazi. Wanaongeza wikiendi, kisha Jumatatu, kisha Jumanne "boti ilijaa". Mtu akikuta jina lako kwenye mahudhurio ya ofisi siku ambayo ulikuwa Nungwi umevaa bukta, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Na hapa niseme kidogo kuhusu wale wanaosaini karatasi ya mahudhurio asubuhi na kuondoka na familia saa nne baada ya chai. Hao ndio wanaotuharibia. Mwaka 2015, Rais Magufuli alipobana safari za nje, wengi walinung'unika, lakini tulioshika mafaili hatukushangaa sana.

Pili, familia haikuja na mimi. Nilikwenda peke yangu, nikahudhuria siku zangu tatu, nikakaa mstari wa mbele, nikauliza maswali. Usiku nilisoma mada za kesho yake, jambo ambalo sijui kama nimewahi kulifanya tena maishani. Siku ya kufunga, mume wangu na watoto walipanda treni ya SGR Dodoma asubuhi, na jioni nikawapokea bandarini Malindi nikiwa nimeshavua beji. Furaha ya kumpokea mtu bandarini ukiwa huna ratiba siwezi kuieleza.

Tatu, tukahama mji. Tulipanda daladala namba 309, yale ya kukaa mkitazamana, kwenda Jambiani. Pale kwenye msitu wa Jozani dereva alipunguza mwendo kwenye matuta. Matuta yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, kima wa Unguja, ambao walikuwa wakigongwa sana wakivuka barabara, na bahati yetu walikuwepo, wekundu mgongoni, wanakula majani kana kwamba daladala halipo.

Nne, nilikosea tena. Hili ndilo nililotaka hasa kuwaambia wa bara wenzangu, maana halimo kwenye tangazo lolote la hoteli. Tulilala Jambiani usiku wa mbalamwezi kubwa, tukasema tazama uzuri huu. Asubuhi saa nne watoto wakatoka mbio na nguo za kuogelea, wakasimama. Bahari haikuwepo. Mchanga mweupe, madimbwi, mistari ya vijiti, na mbali kabisa kwenye mwamba uzi mweupe wa mawimbi. Mdogo akanigeukia na lile jicho la pazia.

Bibi mwenye nyumba ya wageni alicheka mpaka akakaa. "Bamvua hili, mwanangu. Saa kumi yatajaa mpaka hapo kwenye mnazi." Akatufundisha: mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji ya pwani ile ya mashariki hupwa sana asubuhi na kujaa sana alasiri, na kila siku saa zinasogea mbele, kama dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji sana. Mtu wa bara anachagua hoteli kwa picha. Picha imepigwa maji yamejaa.

Lakini bamvua lilituokoa. Tulivaa yeboyebo tukatembea sakafuni mwa bahari hadi kwa kina mama wanaolima mwani, kazi iliyoingia vijiji hivi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mmoja alimwonyesha binti namna ya kufunga mche kwenye kamba. Akatuambia mwani ule mnene, wenye bei, hauoti tena kama zamani, maji ya kina kifupi yamekuwa moto. Binti alifunga miche kumi na mbili. Mdogo aliona nyota ya bahari, akaiaga kwa jina aliloipa mwenyewe. Saa kumi maji yakafika kwenye mnazi, kama tulivyoambiwa, wakaoga mpaka midomo ikabadilika rangi.

Siku zote tano zamu ilikuwa yangu. Mume wangu aligundua wazee wanaocheza bao chini ya mti karibu na msikiti, akawa anaondoka baada ya chai na kurudi magharibi. Hakuwahi kushinda hata mara moja. Sikumuuliza chochote, wala sikumtumia picha.

Juzi imefika barua nyingine, kongamano la Desemba, Pemba. Nilimsomea jioni wakati anasahihisha madaftari. Hakuuliza ni hoteli gani wala posho kiasi gani. Alichukua simu, akafungua kalenda, akaanza kutafuta mwezi utaandama lini.