Hali ni hali, tabia ni tabia: tuache kuipima dunia kwa dirishani

Juzi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kuvaa sweta ndani ya nyumba, na kabla hata sijanawa uso kwenye grupu la familia mtu kashatuma meseji, "wale wanaosema dunia inaungua wako wapi, waje watuelezee na hii." Watu wakacheka, emoji kibao. Siku chache baadaye jua likawaka mpaka bati linalia, na mtu mwingine grupu lilelile akaandika, "haya ndo mabadiliko ya tabianchi sasa, tunayaona kwa macho." Na yeye akapigiwa makofi. Mimi nilibaki na simu mkononi nawaza kwamba hawa ndugu zangu wawili wanadhani wanapingana kumbe wanafanya kosa moja, kila mmoja kafungua dirisha, kachungulia nje, karudi na hukumu ya dunia nzima.

Nadhani kosa lenyewe linaanzia mdomoni. "Hali ya hewa" tunalitumia kwa kila kitu, mvua ya jioni ni hali ya hewa, barafu ya ncha ya kaskazini kuyeyuka nayo tunaiita mabadiliko ya hali ya hewa. Wakati neno la pili tunalo, tabianchi, na ukilisikiliza vizuri linajieleza lenyewe. Hali ni kile unachoulizwa kila siku, u hali gani, na jibu la asubuhi si lazima liwe la jioni, umelala vibaya, kichwa kinauma, umepata habari njema, basi hali imebadilika. Tabia huijui kwa salamu. Mpaka uishi na mtu, umuone akiwa na hela na akiwa hana, kwenye harusi na kwenye msiba, miaka na miaka, ndo unaweza kusema fulani ni mpole. Na huyo mpole akikasirika siku moja hakuna anayesema tabia yake imegeuka. Ila akianza kukasirika kila wiki, halafu kila siku, kwa mambo ambayo zamani alikuwa anayacheka tu, hapo ndo ndugu wanaitana kikao.

Wataalamu nao hawafanyi tofauti sana na hao ndugu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linataka angalau miaka 30 ya vipimo kabla ya kusema "kawaida ya hapa ni hii", na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa kwamba mvua ya mwezi huu iko juu ya wastani, wastani wenyewe unatoka kwenye hiyo miaka thelathini, sio kumbukumbu ya mtu kwamba "zamani haikuwa hivi". Kumbukumbu zetu jamani zinatudanganya sana kwenye mambo ya mvua na jua, tunakumbuka ile siku ya mafuriko, tunazisahau siku mia tatu zilizokuwa za kawaida.

Halafu mbali na muda kuna suala la ukubwa wa eneo, na hapa watu wazito kabisa wamejikwaa. Februari 2015 seneta mmoja wa Marekani, James Inhofe wa Oklahoma, aliingia na donge la theluji ndani ya ukumbi wa Seneti, kaliokota hapohapo nje, akalionyesha na kulirusha, hoja yake ikiwa kwamba nje kuna baridi isiyo ya kawaida, kwa hiyo habari za dunia kupata joto si za kweli. Na kweli baridi ilikuwepo, mashariki mwa Marekani waliteseka nayo hasa majira yale. Lakini Marekani nzima ukijumlisha na Alaska yake haifiki asilimia mbili ya uso wa dunia, na mwaka huohuo wa 2015 ulipoisha na mahesabu kufungwa ndo ukawa wenye joto kuliko mwaka wowote uliowahi kurekodiwa mpaka wakati ule. Theluji ya mlangoni ilikuwa ya kweli, joto la dunia nalo likawa la kweli, ni vipimo viwili tofauti.

Kuna kitu kingine kinawapoteza watu, udogo wa namba. Kwenye ripoti ya 2021 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la karibu nyuzi 1.1 zaidi ya ile miaka ya 1850 hadi 1900, inayochukuliwa kama kipindi cha kabla ya viwanda, na mtu anajibu, nyuzi moja? mbona kwangu kati ya alfajiri na saa nane mchana zinapanda nyuzi kumi na hatufi? Sasa hapo ndo pa kutulia. Nyuzi kumi za kwako zinapanda kwako na wakati huohuo upande mwingine wa dunia ni usiku zinashuka. Wastani wa dunia nzima hautikisiki kirahisi hivyo. Enzi ya barafu ya mwisho, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati karibu Kanada yote imefunikwa na barafu nene ya kilomita na zaidi, wastani wa dunia ulikuwa chini ya ule wa kabla ya viwanda kwa nyuzi kama sita hivi tu. Sita! Ukishaijua hiyo, nyuzi moja ya wastani wa dunia huwezi tena kuifananisha na nyuzi moja ya kipimajoto cha ukutani.

Njia niliyoipenda mimi ya kulielezea hili nimeipata ufukweni bila kutafuta. Nilikuwa nimekaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, kajenga nyumba yake ya mchanga na ana wasiwasi na maji. Kila wimbi likija anapiga kelele "mjomba yanakuja!", likirudi anashangilia "yameondoka!", linakuja lingine fupi zaidi anasema yameshindwa, basi ni furaha na hofu kila sekunde kumi. Nikachukua kijiti nikakichomeka pale wimbi refu lilipofika, nikamwambia tusiangalie mawimbi, tuangalie kijiti. Dakika za mwanzo hakuna kitu, mawimbi mengi hayakifikii hata. Baadaye moja likakigusa. Baadaye mawili matatu yakakipita na mengine yakaishia chini yake, na akaniambia kwa ushindi kabisa, unaona mjomba lile halikufika. Baada ya muda kijiti kilikuwa kimesimama ndani ya maji, mawimbi yote yanaanzia mbele yake, na nyumba imelainika upande mmoja. Maji yalikuwa yanajaa muda wote ule, pamoja na wakati ule wimbi lilipokuwa linarudi nyuma na yeye anashangilia.

Wimbi ni hali ya hewa, kujaa kwa maji ni tabianchi. Asubuhi ya baridi ni wimbi lililorudi nyuma. Na baridi hazijaisha wala hakuna mwanasayansi aliyesema zitaisha, kinachobadilika ni hesabu ya ngapi zinafika wapi. Kwa mfano vituo vya hali ya hewa vya Marekani, miaka ya 1950 rekodi mpya za joto na rekodi mpya za baridi zilikuwa zinakaribiana idadi, lakini ukichukua kuanzia 2000 hadi 2009 kwa kila rekodi moja ya baridi kulikuwa na kama mbili za joto. Baridi bado zinavunja rekodi, ila zimeshakuwa moja kwa mbili.

Mfano huohuo wa bahari unajibu swali ambalo naulizwa kila mara na ambalo kusema kweli ni swali zuri: hawa watu utabiri wa wiki ijayo unawashinda, wanatuambiaje habari za mwaka 2100? Muulize mvuvi wimbi la hamsini kuanzia sasa litafika wapi, hajui, hakuna anayejua. Muulize kesho maji yatajaa saa ngapi, anahesabu siku za mwezi anakupa saa, na bamvua, yale maji yanayojaa kuliko siku nyingine, ni lini atakwambia pia. Bahari ni ileile, ila wimbi moja linategemea vitu elfu, na kujaa kunategemea sababu chache kubwa zinazojulikana. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa pale Massachusetts, alikuwa anarudia hesabu ya hewa kwenye kompyuta yake, badala ya kuingiza 0.506127 akaingiza 0.506, akaenda zake kunywa kahawa, kurudi anakuta hewa ya kwenye kompyuta imeshapotea njia kabisa haifanani na ya mwanzo. Kitofauti cha namba ya nne baada ya nukta. Ndo maana utabiri wa siku kwa siku ukipita wiki mbili hivi hauna maana tena. Lakini sababu kubwa inayosukuma wastani, yaani gesi zinazozuia joto lisitoroke kwenda angani, hiyo ilipigiwa hesabu mapema sana, Msweden Svante Arrhenius aliipiga kwa mkono mwaka 1896, hakuna satelaiti hakuna kompyuta. Na gesi yenyewe inapimwa, pale Mauna Loa, Hawaii, walianza 1958 wakakuta hewa ukaa kama chembe 315 kwenye kila chembe milioni za hewa, leo imeshapita 420. Mchoro wa vipimo hivyo kila mwaka unapanda na kushuka kidogo kwa sababu ya mimea inavyochipua na kupukutisha majani, ila kila mwaka unashukia juu ya pale uliposhukia mwaka jana.

(Mfano wa bahari una mahali unapoishia, lazima niseme. Maji ya bahari baada ya saa sita hivi yanaanza kupwa yenyewe. Hewa ukaa tuliyoirusha juu haina kupwa kwa namna hiyo, sehemu yake inakaa huko mamia ya miaka.)

Hata mwaka mmoja wa dunia nzima bado ni kama wimbi. WMO walisema 2024 ulikuwa juu ya kipindi cha kabla ya viwanda kwa kama nyuzi 1.55, ukaongoza miaka yote, na watu wengi wakaandika basi Mkataba wa Paris, ule ambao nchi zilikubaliana kujitahidi joto lisizidi nyuzi 1.5, umeshavunjika. Haijawa hivyo bado, ile 1.5 ya Paris inahesabiwa kwa wastani wa miaka mingi, na 2024 ulikuja na El Niño mgongoni, ile joto ya Pasifiki inayopandisha namba kwa muda. Kama nilivyokataa donge la theluji la seneta sina budi nikatae na hili, hata kama linavutia kwangu.

Na hapa ndo naongea na wale wa upande wangu, kwa sababu wao ndo wananiumiza zaidi. Kila mvua kubwa tabianchi, kila ukame tabianchi, mtaro umezibwa na mifuko ya plastiki mwaka wa tatu huu, nyumba zimejengwa kwenye mkondo wa maji kwa kibali, mvua inanyesha watu wanakufa, kiongozi anasimama mbele ya kamera anasema ni mabadiliko ya tabianchi, na maswali yanaishia hapo! Hiyo inaudhi mara mbili, inamwachia mtu aliyezembea, na inalichosha neno ambalo tunalihitaji.

Mwaka 2021 kusini mwa Madagaska watu walikuwa na njaa mbaya sana baada ya mvua kugoma, na ikatangazwa duniani kote kwamba hii ndo njaa ya kwanza ya mabadiliko ya tabianchi. Kundi la watafiti linaloitwa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuchukua tukio moja na kuliuliza kwa hesabu "wewe ungetokea hata bila joto hili?", wakalipima lile na kusema mkono wa tabianchi kwenye kukosekana kwa mvua ile ni mdogo, zaidi ni kupanda na kushuka kwa mvua kwa kawaida, juu yake umasikini na vizuizi vya korona. Watafiti haohao 2023 wakapima ukame wa Pembe ya Afrika, ule wa misimu mitano ya mvua kugoma mfululizo, na jibu likatoka kinyume kabisa, kwamba bila dunia kupata joto ukame wa kiwango kile usingetokea, kwa sababu hata mvua ndogo iliyonyesha joto liliinyonya ardhini kabla mimea haijainywa. Ukame mmoja hapana, mwingine ndiyo. Kwa dirishani yote miwili inafanana, ardhi imepasuka na mifugo imelala chini.

Sasa kupata jibu la aina hiyo unahitaji kitu kimoja cha kawaida mno, mtu anayeamka kila siku kwenda kwenye kipimamvua, asome, aandike milimita, na kama hazikuwepo aandike sifuri, miaka 30, 50, 80. Guy Callendar, mhandisi wa mitambo ya mvuke wa Uingereza, mwaka 1938 alionyesha kwamba dunia inapata joto kwa kukusanya tu madaftari ya namna hiyo, ila ya vipimo vya joto, kutoka vituo 147, hesabu kapiga mwenyewe. Kwa hiyo ile hali ya hewa ya siku moja ambayo nimesema haithibitishi kitu, ikiandikwa kila siku bila kuruka ndiyo inayogeuka kuwa tabianchi, haba na haba.

Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi kuzunguka Ziwa Kivu, upande wa Rwanda na upande wa Kongo, yaliua watu zaidi ya 500. Watafiti walewale wakajaribu kulipima na hilo. Wakaripoti kwamba wameshindwa kutoa jibu, rekodi za mvua za eneo lile hazitoshi.