Siti inacheza? Usiipelekee moto

Mtu akilalamika kwamba siti ya dereva inacheza, ushauri wa kwanza huwa uleule: "Ipeleke kwa mchomeleaji, dakika tano umemaliza." Wa pili atamwambia akunje kadibodi aisokomeze chini ya reli ambazo siti inatelezea. Wa tatu, ambaye siti yake inacheza vilevile, atamtuliza kwamba ni kawaida kwa gari la umri huo.

Si kawaida. Kwenye magari mengi madogo, kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye siti yenyewe, hakikufungwa kwenye bodi. Siti ikitoka, mkanda nao umetoka. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa inadai siti na vishikizo vyake vistahimili mshtuko wa mara 20 ya uzito wa siti. Piga hesabu: siti ya kilo 20 inavuta kama kilo 400, na hapo bado hajakaa mtu. Sasa hiyo kadibodi yako itasaidia nini?

Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi dawa ni spana namba 14 na nusu saa nyumbani.

Anza kwa kutikisa. Shika fremu ya siti kule chini, usishike egemeo, kisha sukuma mbele, nyuma na ubavuni huku mwenzako akimulika tochi. Reli ya chini ikiinuka kutoka sakafuni, tatizo ni bolti. Reli ya chini ikitulia na ya juu ikacheza ndani yake, reli zimelika. Likitikisika egemeo peke yake, usihangaike na sakafu, kasoro iko kwenye kifaa cha kulaza na kuinua egemeo.

Bolti ndizo mkosaji wa kila siku. Siti ya mbele kwa kawaida ina nne. Irudishe nyuma kabisa uzione mbili za mbele, isogeze mbele kabisa uzione mbili za nyuma. Zikiwa zimefichwa na vifuniko vya plastiki, vibanue taratibu kwa bisibisi bapa. Usishangae ukikuta tatu. Mafundi wa kava za siti wana kipaji cha kufungua nne na kurudisha tatu, halafu ile ya nne inakuja kuonekana kwenye kopo la misumari. Hesabu kabla hujalipa.

Kama unakaza tu, usichomoe waya wowote. Ikibidi siti itoke, zima gari, toa terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plagi ya njano chini ya siti. Hiyo ni ya eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ya ubavuni au ya kikaza mkanda. Ukiwasha swichi wakati imechomolewa, taa ya eabegi itawaka, na huenda isizime mpaka gari lipitishwe kwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Wakati wa kurudisha, anza bolti zote nne kwa vidole. Ukiikaza moja hadi mwisho kwanza, nyingine hazitalengana na matundu, utazilazimisha, na hesi (michirizi ya kujifungia ya bolti na nati) zitaharibika. Zikishashika zote, kaza kidogokidogo kwa zamu. Toyota nyingi ndogo zinataka bolti ikazwe kwa Nm 37 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Huna spana ya kupimia? Kwa mkono wa spana wa sentimita 25, hiyo ni nguvu ya kilo 15 hivi mwishoni mwa mkono, uzito wa ndoo ya lita 15 iliyojaa maji. Kupanda spana kwa mguu ni kutafuta kukata bolti.

Bolti ikizunguka bila kukaza, ama hesi za nati zimelika, ama nati imebanduka chini ya sakafu inazunguka nayo. Hapa duka la vifaa vya ujenzi linaua watu kimyakimya. Bolti nyingi za siti za magari ya Kijapani ni M10, yaani unene wa milimita 10, yenye hesi zilizoachana milimita 1.25, wakati M10 ya kawaida dukani ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, unailazimisha, kwaheri nati. Nenda nayo ya zamani mkononi, na mpya iwe na alama ya uimara ya 8.8 au zaidi kichwani. Hesi zikiwa chafu tu, pitisha tapu (chombo cha kukatia hesi) ya M10 kwa 1.25. Zikiwa zimekwisha, fundi mchongaji wa vyuma ataweka koili ya hesi, yaani waya uliojizungusha unaokuwa hesi mpya ndani ya tundu.

Turudi kwa mchomeleaji. Bati la sakafu ni jembamba, moto unalitoboa na kuunguza rangi, na kutu inaanza upande wa chini usiouona. Juu kuna kapeti, sponji na nyaya. Kwenye Honda Fit tangi la petroli liko chini ya siti za mbele, na bado mtu anasogea na mashine bila hata kuinua kapeti! Chuma kando ya weldi kinapoteza ugumu wake, kwa hiyo reli iliyochomelewa inaweza kukatika hapohapo siku ya kishindo. Halafu siti haisogei tena. Dereva mfupi atakaa mbali na breki au ataegemea usukani, wakati kifua kinatakiwa kuwa angalau sentimita 25 kutoka kwenye eabegi.

Haya, sakafu ikiwa imeoza kwa kutu, weldi haikwepeki. Lakini hiyo ni kazi ya fundi bodi: siti nje, kapeti nje, betri imetolewa, bati jipya linaunganishwa na bati zima, na nati mpya inafungwa. Si dakika tano.

Reli zilizolika hazitengenezwi, zinabadilishwa, kwa za modeli ileile na upande uleule. Kabla ya kununua, fyonza mchanga na maganda ya karanga kwenye zako, kisha uzijaribu tena: vuta mkono wa kusogezea siti, sogeza siti, achia, isukume kwa makalio. Reli zote mbili zinatakiwa kujifunga. Ikijifunga ya upande mmoja tu, siti inapinda ukikanyaga breki, na hapo angalia kwanza waya unaounganisha mkono huo na kufuli la reli ya pili.