Trili Iliyokosa wa Kuipokea

Mimi ni mpiga piano wa jazi. Kwetu mambo ni mepesi: wimbo mara nyingi una baa 32, yaani vipande 32 vidogo vya mapigo, mnaupiga mara moja jinsi ulivyo, kisha kila mtu anapata zamu ya kusema yake juu ya kordi zilezile, yale mafungu ya noti zinazolia pamoja. Ukitosheka unamtikisia mwenzako kichwa, naye anapokea. Hakuna barua, hakuna kikao.

Basi okestra moja ya klasiki ikaachwa na mpiga piano wake dakika za mwisho, mtu akanitaja mimi. Konseto ya Mozart, yaani muziki wa piano ikiongoza na okestra ikijibu, namba 20, D maina. Noti nasoma, vidole ninavyo, nikakubali. Mazoezi yakaenda vizuri mpaka tukakaribia mwisho wa sehemu ya kwanza, pale okestra nzima inaposimama juu ya kordi moja na kumwachia mpiga piano uwanja. Hiyo ndiyo kadenza. Nikatazama karatasi: patupu.

“Wengi hupiga ile aliyoiandika Beethoven,” akasema kiongozi wa okestra.

“Na ya Mozart mwenyewe?”

Haipo. Konseto hii aliipiga Vienna mwezi Februari 1785, noti zikiwa mbichi kabisa: baba yake, Leopold, alisimulia kwamba alipofika alimkuta mnakili bado anaandika, na mwanawe hakuwa amepata hata nafasi ya kuipitia sehemu ya mwisho. Kadenza aliyopiga haikutufikia. Mozart huyo ni mtu wetu kabisa! Nikatangaza kwamba nami nitabuni papo hapo.

Kiongozi akanitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyejiandikia dawa. “Sawa, bwana. Ila ukitaka kumaliza, piga trili. Hiyo ndiyo ishara yetu.”

Trili ni noti mbili jirani zinazopokezana mbio mbio. Kadenza za enzi ya Mozart hufungwa nayo: okestra ikisikia trili ndefu, inajua mwenye safari anarudi, kila mtu anashika ala yake. Utaratibu mzuri sana. Hakuna aliyeniuliza, hata hivyo, mimi huitumiaje trili. Mkono wangu wa kulia ukiishiwa maneno hautulii, unatetema tu hapo ulipo mpaka kichwa kipate wazo jipya. Miaka yote hiyo bendi haijawahi kulalamika.

Siku ya tamasha nilianza vizuri mno. Niliuchukua wimbo wa kwanza wa piano nikaupeleka mkono wa kushoto, nikaupaka kordi ambazo Mozart angeziombea ruhusa kwa baba yake kwanza, nikafika njia panda. Niende F meja au nibaki? Nikiwa nawaza, mkono wa kulia ukatetema. Juu ya E, mahali penyewe hasa.

Kwa pembe ya jicho nikaona fimbo ya kiongozi inapanda. Vayolini zikaenda kidevuni. Mpiga fluti akavuta pumzi ya kutosha kuvuka mto. Mimi wazo likawa limenijia! Nikarukia B flati. Fimbo ikashuka, vayolini zikashuka, na ile pumzi ikatoka bila kazi, nikaisikia kutoka pale nilipokaa.

Baada ya kitambo, njia panda nyingine, trili nyingine. Wakainuka, wakashuka. Safari iliyofuata, vayolini mmoja wa nyuma uvumilivu ukamshinda, akatoa D moja, yatima, kisha akajifanya anatyuni.

Hatimaye nikamaliza kweli. Kushoto kordi ya A, kulia trili safi, ndefu. Kimya. Kiongozi kafumbata mikono. Nikaongeza sauti. Hakuna aliyegusa kitu. Walishadanganywa vya kutosha. Kidole cha tatu kikaanza kufa ganzi, nikabadilisha vidole nikiwa njiani, jasho likadondokea vibao. Sikuwa na njia nyingine: nikatikisa kichwa.

Ukumbi mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuielewa lugha hiyo, mpiga kontrabasi, ambaye baadaye niligundua kwamba usiku hupiga jazi. Na kwetu kutikisa kichwa maana yake ni moja: zamu yako. Akaweka upinde chini, akaanza kudonoa nyuzi kwa vidole, kwa mwendo wa kutembea, D maina, mtulivu kabisa, macho kafumba. Nyuma ya ukumbi mtu akapiga makofi. Hapo kiongozi akaishusha fimbo kwa nguvu zote, na okestra ikaingia kama nusu yake, nusu nyingine ikafuata.

Nyuma ya jukwaa nilijitetea kwa ushahidi. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alisimulia jinsi mwalimu wake alivyokatiza kwinteti yake, muziki wa wapigaji watano, wa piano na ala za kupuliza, akaanza kubuni, wapulizaji wakawa kila mara wanaweka ala mdomoni na kuzitoa, wamekasirika, wasikilizaji wanafurahi.

“Yule alikuwa Beethoven,” kiongozi akajibu.

Wamenialika tena, na hilo limenishangaza. Safari hii ni konseto ya 5 ya Beethoven. Nimefungua noti za sehemu ya kwanza, na pale penye nafasi ya kadenza Beethoven ameandika kwa Kitaliano kwamba kadenza isipigwe, bali mpigaji aendelee mara moja na kinachofuata. Kiongozi amepazungushia duara kwa kalamu nyekundu.