Shengena Yetu Iko Nairobi

Juzi kijana mmoja wa ukoo wetu kaweka picha kwenye kundi la WhatsApp. Kichwa cha treni cha zamani, kirefu kama msafara wa harusi, kimepozi Nairobi. Chini kaandika: "Wakenya na vyuma chakavu vyao." Nikaikuza picha. Ubavuni kimeandikwa jina: MOUNT SHENGENA. Mwanangu, huo ni mlima wa bibi yako! Asubuhi ukifungua dirisha kule Chome unauona, halafu unaita chuma chakavu?

Kwenye kundi nilinyamaza, maana mna mashemeji. Hapa sinyamazi.

Mimi hicho kichwa nimekiona kwa macho. Tulikwenda Nairobi harusini na baba mdogo, mzee wa Kipare aliyekula ujana wake akikaza mataruma kati ya Same na Kahe. Nikampitisha makumbusho ya reli apumzike na kelele za mashangazi. Alipofika mbele ya Shengena akavua kofia. Akasogea, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, kama mama anayekagua chungu sokoni, akatega sikio.

"Bado mzima huyu."

"Baba mdogo, usiguse, hapa ni makumbusho."

"Mlima wa kwetu, nani anikataze?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya aina hii mwaka 1955 na 1956, kila kimoja tani 250 na ushee, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vimesalia viwili tu, vyote Nairobi. Kimoja Shengena, ya Same. Cha pili Gelai, ya Longido. Mount Kenya yenyewe haikusalia! Yaani majirani wametunza milima yetu, wao wakabaki bila wa kwao, na sisi wenye milima hatujauliza hata hali.

Najua mtakachosema. Kwamba kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi, haikuja huku. Kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila mmoja alibaki na alichonacho. Sawa. Na nikiri kwa shingo upande: kingebaki kwetu, leo tungekuwa tunapikia wali ndani yake. Vichwa vyetu viliishia wapi? Kaulizeni kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Lakini nani kasema tunyang'anye? Tuazime! Waingereza walikuwa na vichwa vyao viwili ng'ambo, kimoja Kanada, kingine Marekani, na hicho cha Kanada kinaitwa Dominion of Canada, jina la hukohuko. Mwaka 2012 vikavushwa Atlantiki kwa meli, mwaka uliofuata vikapangwa York, Uingereza, pamoja na ndugu zao wanne, kuadhimisha miaka 75 tangu mmoja wao, Mallard, aweke rekodi ya mwendo ya vichwa vya mvuke. Watu wakamiminika. Mwaka 2014 vikarudishwa salama. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyetukanwa. Hao walivuka bahari. Sisi tunashindwa na Namanga?

Uzito, ndiyo, ni balaa. Ila mafundi wanajua hiki si kipande kimoja: boila imelala katikati, imebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma. Hufunguliwa vipande vitatu. Malori yetu yanabeba mizigo ya kutisha kila wiki, tena usiku, bila taa za nyuma.

Kikifika, kiwekwe stesheni ya Moshi, chini ya paa la maana. Reli ilifika hapa 1911, Arusha ikasubiri hadi 1929 (watani zangu wa Arusha, poleni). Treni ya abiria ilirudi Moshi 2019, na Desemba watu wanapopanda nyumbani stesheni inajaa watoto wasiojua kwamba gari moshi liliitwa hivyo kwa sababu lilitoa moshi. Tuazime miezi sita tu. Wakenya wakikataa, tuwaombe Gelai tuwapelekee Arusha, labda nao watapunguza maneno.

Baba mdogo aliniomba nimsafishie ile picha ya Shengena. Ameitundika sebuleni, juu ya kalenda ya usharika, na kila mgeni akiingia humuuliza kwanza kama anaujua huo mlima.