Kompyuta Mpya, Programu Yatima

Wiki iliyopita niliitwa kwenye duka la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kama mtu anayeitwa kuosha maiti. Mwenye duka alikuwa ameuziwa kompyuta tatu za Windows 11, akahakikishiwa kwamba kila kitu kitaendelea kama kawaida. Programu yake ya ankara, iliyoandikwa miaka ya tisini kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu ya enzi za DOS, ilikataa hata kufunguka.

Programu yenyewe haikuwa na kasoro. Ni ya biti 16, yaani ya kizazi cha kompyuta za zamani, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za aina hiyo. Windows 11 nayo haina toleo la biti 32 ambalo mtu angelikimbilia. Printa ya doti ilitafuta LPT1, ile poti ya zamani ya printa, ikaikosa.

Kilichonichoma ni jibu la muuzaji alipopigiwa simu: "Mzee, hiyo takataka itupeni." Takataka! Takataka hiyo ndiyo inayojua kwamba fundi hupewa bei ya chini mpaka deni lake lipitishe siku thelathini, kwamba anayerudisha stata (mota ya kuwashia injini) kuukuu hupunguziwa, na kwamba kifaa cha umeme kikishatoka dukani hakirudishwi, isipokuwa kwa wateja fulani ambao marehemu babake mwenye duka aliwaruhusu. Kanuni hizo hazimo katika karatasi yoyote, msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ya programu, haujulikani uliko, na aliyeuandika haonekani. Anayetaka kuandika programu mpya kabla ya kuichokonoa ile ya zamani analiuzia duka hasara yenye skrini ya rangi.

Nakiri, shingo upande, kwamba haingebaki ilivyokuwa. Mashine ya awali ilitumia Windows XP, iliyoachwa bila marekebisho ya kawaida ya usalama tangu 2014, na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inataka ankara za eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Nimeiwasha programu ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS, kwenye kompyuta moja tu, maana DOSBox iliundwa kwa ajili ya michezo, nami sithubutu kuziachia mashine tatu faili moja ya madeni.

Sasa kila jioni mimi na karani tunaandika kanuni daftarini, moja baada ya nyingine. Tumefika ya 31, na ukurasa wa madeni hatujaugusa. Jana mwenye duka aliniuliza, kwa upole, kwa nini daftari linamgharimu kuliko kompyuta.